Felti Mbichi Chini ya Kapeti Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninuse. Nilikuwa nimefika na makasi na futi yangu kutoka soko la Daraja Mbili, ambako nilishona sare za shule na kurekebisha nguo za mitumba, nikidhani nitaonyeshwa cherehani. Foremani wa ile gereji ya Kisii mjini, Mwislamu wa makamo aliyezaliwa papo hapo mjini, alifungua mlango wa gari, akainua pembe ya kapeti na kusema, "Mama, ingiza pua hapo." Niliingiza. Nikapiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Umepata kazi," akasema. "Wale walikuja jana walisema hawasikii kitu."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutengeneza magari ndani: viti, kapeti, dari na milango. Watu wakisikia fundi wa magari humfikiria mtu aliyelala chini ya injini. Sisi tulikuwa watu wa pale mnapokalia, na kwetu huku, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, adui yetu mkubwa alikuwa maji.

Foremani alikuwa na swali moja ambalo alimuuliza kila mteja kabla hajagusa gari lake: "Nyumbani unaegesha ukiangalia juu ama chini?" Wageni walicheka. Sisi wa hapa hatukucheka, kwa sababu nani kati yetu ana boma lililo tambarare? Gari likiegeshwa pua ikitazama bondeni, maji yanayopenya chini ya kioo cha mbele hujikusanya kwenye miguu ya abiria wa mbele. Likitazama kilimani, yanakimbilia nyuma kwenye gurudumu la akiba. Kwa hiyo ukilipima kwenye sakafu tambarare ya gereji utasema halivuji, na utakuwa umejidanganya. Foremani alituinulia magari kwa mawe mpaka yalale kama yanavyolala nyumbani. Kisha mmoja alikaa ndani na tochi, mwingine akamwaga maji nje akianzia chini kwenda juu, taratibu, mpaka wa ndani aseme, "Hapo."

Baada ya kupata tundu ndipo kazi ilipoanza. Viti vinatolewa vyote. Kapeti inatolewa. Chini yake kuna felti, ile blanketi nene ya kuzuia kelele, na hiyo ndiyo inayoficha uovu, maana kapeti inaweza kuwa kavu juu huku felti ikikamuliwa kama nguo ya kufua. Kuvu usiipige brashi ikiwa kavu, utaipeperusha ikuingie mapafuni. Ilowanishe kwa siki, uipanguse, utupe kitambaa. Mikanda ya usalama ioshe kwa sabuni ya kawaida, si dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa dawa inaozesha nyuzi na siku ya ajali mkanda unakatika. Sponji ya kiti iliyoota kuvu mpaka ndani haina tiba, itupwe. Halafu jua na upepo, na subira.

Subira ndiyo iliyokufa. Siku hizi gari linaingia likinuka, linanyunyiziwa manukato ya ndimu, linavalishwa viti vipya vya ngozi bandia, na mwenyewe anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Mimi naita huo wizi. Mwizi wa kuku angalau hukuachia kifua chako.

Nilikaa na Foremani mpaka alipozeeka akafunga gereji. Nikahamia karakana moja Nyamira, chini ya Msimamizi aliyekuwa mtu wa haki na maneno machache. Mwisho nilirudi karibu na nyumbani, kwenye gereji kubwa kando ya barabara ya Nyakoe, chini ya mtu tuliyemwita Meneja. Meneja alikuwa Msabato kama mimi, na zaidi ya hapo alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa alifunga geti mapema, jua halijatua, na Jumamosi hapakusikika nyundo. Kwa hilo nilimheshimu.

Lakini fundi Msabato lazima ajihadhari na gari la Ijumaa. Likiletwa limelowa, nawe ukafunga vioo kwa kuogopa wezi, ukaenda zako kanisani, Jumapili utakuta kuvu imeota mpaka kwenye usukani. Kwangu sheria ilikuwa kwamba kitu chochote kibichi kitoke ndani ya gari kabla ya maandalio ya Sabato. Meneja aliijua sheria hiyo, maana nilimwimbia kila wiki.

Alhamisi moja Mwalimu alileta gerejini gari lake dogo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ekerenyo, na gari hilo alilinunua kwa ajili ya mumewe, ambaye sote tulimwita Omogaka, yaani mzee wa heshima. Omogaka alikuwa na pumu ya siku nyingi na kliniki ilikuwa mbali. Maji yalikuwa yameingia mbele upande wa abiria. Niliziba palipovuja, nikatoa viti, nikakata kapeti mpya, nikamwambia Meneja felti itolewe ikauke siku kadhaa. Ijumaa alasiri nilienda nyumbani kupika chakula cha Sabato. Jumapili gari halikuwepo.

"Felti ilikauka?" nikamuuliza.

"Ilikauka. Niliweka ile mashine ya upepo."

Mzee wa kanisa akikuambia kitu kimekauka, unaamini.

Mwaka ulizunguka kabla Mwalimu hajarudi, na aliporudi alikuwa na hasira, ila si kwetu. Alikuwa amemkasirikia mumewe.

"Mama Kemunto," akaniambia, "mimi nimechoka. Omogaka amekataa gari yangu. Nikiwasha niende kliniki, anasema atapanda boda. Mvua inanyesha, mzee wa miaka yake amekaa nyuma ya pikipiki na mwavuli. Watu wanasema bibi yake anamnyima gari."

"Anasema ni kwa nini?"

"Anasema akiingia anakosa pumzi. Nikamwambia, unakosa pumzi kwa sababu gari ni ya mwanamke. Tangu hiyo siku hatuongei vizuri. Sasa niwekee tu viti vizuri, pengine atapenda."

Nilifungua mlango wa abiria. Manukato yalinijia kwanza, kisha nyuma yake ile harufu niliyofundishwa siku ya kwanza. Nilimwomba aketi kwenye benchi karibu na geti, anywe chai.

Nikatoa viti. Nikang'oa kapeti, ile ile niliyoikata Alhamisi kwa mkono wangu. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi juu ya felti ya zamani ambayo haikuwahi kutoka mahali pake. Felti ilikuwa nyeusi, laini, imeoza, na kuvu imeipanda kama utando wa maziwa. Nilipoibonyeza ilitoa maji. Hata nyaya zilizopita chini yake zilikuwa zimeshika kutu ya kijani. Nilipiga kofi sakafu ya gari kwa hasira, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Meneja alikuja akasimama nyuma yangu. "Mama, funika hiyo kitu."

"Nifunike tena?"

"Mwambie anaegesha chini ya miti, majani imeziba njia ya maji hapo kwa waipa. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli wa mwaka huu. Hii felti ni ya mwaka jana."

Akashusha sauti. "Yeye alitaka gari Ijumaa. Jua lilikuwa linatua. Ulitaka nivunje Sabato?"

Mpaka leo jibu hilo linanichoma. Mtu anachukua siku ya Bwana na kuifanya kifuniko cha uchafu. "Ungemwambia arudi Jumapili," nikasema, nikaenda benchini kumwita Mwalimu.

Aliinama akaitazama. Akaibonyeza kwa kidole. Aliuliza tu, "Hii ndiyo Omogaka alikuwa anakanyaga?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi nikamwita mwenye kiburi."

Meneja alianza kueleza habari ya miti. Mwalimu hakumgeukia.

Kazi ile niliifanya kama Foremani alivyonifundisha. Nililiinua gari kwa mawe lielekee bondeni kama linavyolala Ekerenyo, nikazibua njia ya maji iliyojaa majani, nikabadilisha mpira wa kioo. Felti niliichoma moto nyuma ya gereji. Sponji ya kiti cha abiria nayo niliichoma. Mpaka kichujio cha hewa nilikibadilisha, kwa sababu kuvu hupenda kujificha humo ikusubiri uwashe feni. Meneja alipita mara kwa mara akitazama saa, nami sikuinua kichwa.

Siku ya kulichukua, Omogaka alikuja mwenyewe. Alilizunguka gari polepole kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Aliingia, akaketi, akafunga mlango. Akavuta pumzi na kungoja kikohozi, nasi sote tukangoja naye. Hakikuja. Akateremsha kioo na kumwambia mkewe, "Twende nyumbani na ile njia ndefu." Mwalimu akacheka huku akijifuta macho. Sijawahi kulipwa kuzidi hapo.

Wiki hiyo hiyo Meneja aliniita ofisini. "Mama Kemunto, umri umeenda. Pumzika." Sikuagwa kwa soda wala kwa sala. Nikachukua makasi yangu, nikaondoka.

Vijana mlio katika kazi hii huniuliza kwa nini bado nina hasira, na mimi nimestaafu, nina migomba yangu na chai yangu. Nina hasira kwa sababu injini mbovu humsimamisha mwenye gari njiani, akajua ametapeliwa. Kazi yetu sisi ikiharibika haipigi kelele. Mtu huanza kukohoa, na watu hulaumu baridi, au vumbi, au mke wake. Basi kabla hujaweka kapeti mpya, piga magoti ubonyeze felti ya chini kwa kiganja. Ikiwa mbichi, mwambie mwenyewe angoje. Akikasirika, akasirike.

Omogaka alifariki katika mvua za masika zilizofuata kazi ile. Mimi si daktari, na sisemi ni kuvu iliyomuua. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujanani. Ninachojua ni kwamba katika muda mfupi aliobakiwa nao, mwaka mzima aliumalizia mvuani nyuma ya pikipiki, bila neno zuri kutoka kwa mkewe.

Mazishi yalikuwa Ekerenyo, bomani kwake. Meneja alisimama kama mzee wa kanisa kuongoza maombi, suti yake nyeusi na Biblia mkononi. Alisema maneno mazuri juu ya uvumilivu, kisha akamgeukia mjane. "Mama yetu, usiulize maswali. Hata hiyo shida ya kifua, ni Mungu alipanga."

Mwalimu alikuwa ameketi kando ya jeneza. Alisema bila kuinuka, kwa sauti ile ya darasani iliyofika mpaka nyuma ya hema.

"Mzee wa kanisa, usimsingizie Mungu."

Watu waligeuza vichwa. Meneja alifungua Biblia, akaifunga. Nami, katika safu ya pili, nikasema amina.