Gazeti la Bangkok Chini ya Viatu

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa na mimba yako ya miezi mitano, ndoo mkononi, katika ofisi moja karibu na kituo cha treni cha Schuman. Mwanangu, najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi nina miaka ishirini na tisa na hasira nyingi. Lakini bibi zako wamebaki Bujumbura. Hapa Brussels mzee wako ni mimi, kwa hiyo nisikilize.

Tulikuwa wafagiaji watatu. Mkubwa wetu alikuwa maman Odile, Mkongomani wa Lubumbashi. Mwenzangu alikuwa dada Pranee kutoka Thailand, mpole, Kifaransa chake cha salamu na sabuni tu. Ofisi ilikuwa ya waandishi wa habari, nao walikuwa wanahama, magazeti yao ya zamani yamejaa kwenye maboksi yakingoja kutupwa. Sisi tulikuwa na desturi: ukimaliza kupiga deki unatandika magazeti juu ya vigae vilivyolowa, ili mabwana wapite bila kuacha alama za viatu. Nikafungua boksi, nikatandika korido nzima. Sikuangalia ninachotandika.

Dada Pranee alikuja nyuma yangu akasimama. Kisha akapiga magoti majini. Mbele yake palikuwa na picha: vijana wengi wamelazwa kifudifudi uwanjani, vifua wazi, mikono kichwani, na wenye bunduki wamesimama juu yao. Mmoja alikuwa amegeuza shavu. Alama ya kiatu ilikuwa imeshapita kwenye mgongo wake, na kiatu kile kilikuwa changu.

"Kaka yangu," akasema.

Maman Odile akapaza sauti kutoka mlangoni. "Dada wa Buja, mulikuya kusoma ao kufagia? Bon, bamabwana banafika."

Nikaogopa kufukuzwa kazi. Nikamwambia Pranee, "Inuka, ni gazeti tu, tena la zamani." Nikalivuta. Karatasi iliyolowa haivutwi, mwanangu. Kipande kimoja kilikuja mkononi mwangu, na uso wa yule kijana ukabaki umenata kwenye kigae. Pranee akajaribu kuubandua kwa kucha. Ukawa uji.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wakati wa kupumzika ndipo aliponieleza, neno moja moja. Kaka yake alikuwa mwanafunzi Bangkok. Oktoba ya mwaka wa sabini na sita polisi na watu wenye silaha walivamia chuo kikuu, wakaua wanafunzi. Kaka yake hakurudi, wala maiti haikuonekana. Nyumbani kwao jambo hilo halikutajwa hata mezani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona picha yoyote ya siku ile, na alipoiona, mimi niliichana.

Wiki zile zile magazeti ya hapa yalikuwa yanatoa picha za Bujumbura, watu wetu waliouawa wamelala barabarani. Nikajiuliza nani anazitandika, na wapi.

Kile kipande nilichobaki nacho kilikuwa na tarehe. Jumamosi nikaenda maktaba kubwa wanakotunza magazeti. Mzee wa kaunta akanitazama tumbo na kitambaa changu cha kichwa.

"Madame ni mwanafunzi?"

"Mimi ni mfagiaji. Nataka gazeti la siku hii."

Akaleta gazeti lenyewe, na mengine ya miaka iliyofuata kwa sababu niling'ang'ania. Nilisoma mpaka macho yakauma. Mapinduzi, kisha fukwe na mahoteli. Mapinduzi tena, kisha fukwe. Mwaka wa tisini na mbili askari wanapiga risasi watu barabarani Bangkok, na baada ya muda mfupi, fukwe. Nchi nzima inaonekana siku watu wanapomwaga damu au wanapokwenda kuogelea. Na chini ya ile picha ya vijana wameandika kwamba ni wanafunzi waliokamatwa. Hakuna jina hata moja. Aliyepiga picha alipata nafasi ya kuinama karibu nao, akashindwa kuuliza, "Wewe ni nani?" Nilitaka kuvunja kitu pale maktaba.

Nikatoa fotokopi, nikampelekea Pranee chumbani kwake mtaa wa Saint-Josse. Akaiweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Si yeye," akasema. "Kaka yangu ana kovu hapa."

Nikanyoosha mkono niichukue, kwa aibu. Akaisogeza kwake, akaitia kwenye fremu alimokuwa ameweka kadi ya posta.

"Iache," akasema. "Huyu naye ana dada."

Mwanangu, jana mvua ilinyesha, ukarudi kutoka shule, ukatandika gazeti mlangoni na kuweka viatu vyako juu yake, kama nilivyokufundisha mwenyewe. Hukukosea, niliyekosea ni mimi. Tandika, lakini kwanza geuza ukurasa, utazame. Ukikuta uso wa mtu, utoe. Ukiambiwa ni habari za zamani za nchi ya mbali, uliza jina lake nani, na usichoke kuuliza hata wakikucheka. Na kilicholowa usikivute kwa haraka kwa kuogopa bosi.

Mungu akupe macho yanayosimama kutazama. Akulinde, popote utakapokuwa, usilale chini bila mtu wa kukutambua.