Matone ya Baba Mkwe

Nina miaka ishirini na mbili kwenye ndoa, na hadi mwaka jana nilikuwa namjua baba mkwe wangu kwa visigino tu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami mkwe wake usoni. Akikohoa huko njiani, unajitupa migombani na khanga kichwani. Wengi siku hizi wameacha, lakini yule ni mzee wa kule Kinyala, wa zamani hasa, na mimi ni mwoga kuliko kuku.

Basi jicho lake la kulia likaanza kumuuma ghafla, jekundu, huku anatapika na kuona rangi rangi zimeizunguka taa. La kushoto lilishakufa kwa ugonjwa huohuo, sisi tukidhani anaumwa kichwa tu. Safari hii mume wangu hakungoja, akamkimbiza hospitali Mbeya. Wakaishusha presha ya jicho kwa dawa, kisha daktari akaeleza kwamba lenzi ya mzee imenenepa kwa umri, imeziba kona ambayo maji ya jicho hupitia. Wakaitoa, wakaweka ya plastiki, nyembamba, njia ikafunguka. Niliposikia kwenye simu nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka maharage yakaungua!

Mzee akaletwa kwetu Ibighi auguzwe. Matone kila baada ya saa mbili, bila kuruka, maana jicho likiharibika hana jingine. Mume wangu akaweka ya asubuhi, akaondoka zake Isongole kupakia viazi. Watoto wako bweni. "Utaweza," akaniambia. Nitaweza nini, jamani?

Saa ilipofika nikaingia kinyumenyume, khanga usoni, nikanyoosha mkono. Tone la kwanza lilitua kwenye masharubu. La pili likaingia sikioni. La tatu nilimsikia akilimeza.

"Na hii ya kunywa," akauliza akigeukia ukutani, "nayo ameandika daktari?"

Miaka ishirini na mbili, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu! Nilijiziba mdomo kwa ngumi, wapi, kicheko kikapasuka. Naye akaanza kucheka, kitanda kikawa kinalia kwi kwi. Tulicheka kama watu waliolewa.

Kisha nikaitikisa chupa, nikaona dawa inakwisha na jicho bado kavu. Kicheko kikanikauka.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Nisipokutazama utapofuka."

Akageuka kutoka ukutani, akalala chali.

"Mila hii waliitunga watu wenye macho mawili," akasema. "Tazama, mwanangu."

Nikatoa khanga, nikanawa mikono, nikainama. Nikavuta kope ya chini taratibu, tone likaingia palepale panapotakiwa. Akapepesa, akapepesa tena, halafu jicho likatulia kwangu. Mimi nimekenua kwa woga, natamani ardhi ipasuke.

"Kumbe!" akapiga kelele. "Kumbe ule mwanya! Siku zote nawauliza wajukuu zangu, meno haya mmeyatoa wapi, ukoo wetu hatuna. Kumbe ni wewe!"

Nikalia na kucheka kwa pamoja, sijui nilianza na kipi.

Saa mbili baadaye nilikuwa uani nafua nilipomsikia akikohoa chumbani, kikohozi chake kilekile cha njiani. Sikukimbia. Nilifuta mikono, nikachukua chupa, nikaingia nikiwa nimetazama mbele.