Hekalu Lililoinama

Nilipokuwa na miaka kumi, baba alinitoa Toronto akanipeleka Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga. Alikuwa akisomea usanifu majengo na alitakiwa kupima nyumba za kale. Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, alisema hawezi kuniangalia mimi na kumuuguza Bibi kwa pamoja.

Bibi alikuwa mama yake baba. Tuliishi naye Crescent Town, mtaa wa Toronto, ghorofa ya kumi na tisa, tangu baba alipomleta kutoka Korogwe. Asubuhi ya safari alimshika baba mkono.

“Hamisi, nirudishe nyumbani kwanza.”

“Mama, hapa una chumba, una daktari. Umekosa nini?”

Bibi akageukia dirishani.

Banaras tulitembea kutwa kwa miguu. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata niliweza kugusa kuta zote mbili. Juu yetu vibaraza vya mawe vilikaribia kukutana. Halafu ghafla kichochoro kiliishia kwenye ngazi pana zilizoshuka hadi majini, na mwanga ukatupiga machoni. Baba hakutulia. Alianza kuchora dirisha, akalifuta, akaondoka mbio kutafuta jingine, nami nyuma yake, miguu ikiniwaka.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Kanta, mjane aliyezaliwa Tanga, dada wa jirani yetu wa Crescent Town. Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko changu mimi, niliyezoea kujibu kwa Kiingereza.

Siku ya tano alitupeleka kwenye hekalu lililosimama ukingoni kabisa mwa mto, limeinama kama mtu anayetaka kuketi. Baba akashusha timazi, uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Uzi ukaachana na ukuta.

“Msingi umekaa kwenye tope,” alisema.

“Watu wa hapa hawasemi hivyo,” Mama Kanta akasema. “Aliyelijenga alimjengea mama yake. Lilipokamilika akatangaza mbele za watu kwamba sasa amekwisha kumlipa mama. Papo hapo likainama.”

Baba akacheka. “Na mama mwenyewe alisemaje?”

“Hilo sijalisikia. Labda hakuna aliyemwuliza.”

Baba alipima tena, mara tatu, vipimo vilevile. Kisha akanigeukia. “Bibi aliniambia nini siku ile ya safari?”

“Alisema umrudishe nyumbani,” nikajibu, kwa Kiswahili.

Tuliondoka kesho yake, nusu ya majengo hayajapimwa.

Tulipofika Toronto, baba aliketi sakafuni kando ya kitanda cha Bibi, koti bado mwilini. “Mama, unataka nini?” Mwezi uliofuata alimpeleka Korogwe. Masomo yake yalichelewa miaka miwili, na mama alimnunia muda mrefu.

Siamini kwamba majivuno huinamisha mawe. Habari ya tope naielewa. Lakini nilimwona baba akiogopa, na nashukuru aliogopa. Bibi aliishi miezi minane tu baada ya kurudi Korogwe. Kila Ijumaa baba alimpigia simu kutoka Toronto, naye alilalamika: kuku wanaibwa, fundi hajaleta bati, mvua imekataa. Baba aliketi akisikiliza mpaka kadi ya simu iishe. Sikuwahi kumwona ametulia namna ile.