Picha ya joki aliyoiacha baba, na siku mtani alipoibeba matangani

Wakuu, habari za saa hizi.

Wale wa kusema "hii chai" piteni kimya kimya. Mashahidi wapo hapa hapa Kibiti, na wengine wananisoma humu.

Nianze na mwili wangu ili twende sawa. Mimi ni dada mfupi. Si mfupi wa kuvaa viatu virefu mambo yakaisha. Ni mfupi wa kuambiwa "simama basi" wakati nimeshasimama.

Nimerithi kwa marehemu baba, mzee Mkumba wa Mtunda.

Baba alikuwa mtu wa baiskeli. Miaka ile ya ruksa, maduka ndiyo yanaanza kujaa na kila mwenye nguvu anahangaika na biashara, yeye alipokea mpunga unaotoka Mbuchi na kuusukuma mpaka Kibiti. Ukimwona kwa nyuma unaona gunia tu, linajiendea lenyewe.

Watu walimtania sana. "Mkumba, ukianguka kwenye majani tutakutafuta kwa tochi!" Anacheka nao. Akifika nyumbani anakaa kimya, na mimi niliuona ule ukimya.

Sasa kulikuwa na mzungu wa mradi wa visima, baba alikuwa anambebea mabomba. Mkataba ulipoisha akawaita vibarua wake, kila mmoja achague kitu kimoja nyumbani kwake abebe.

Mmoja kachukua godoro. Mwingine redio. Mwingine kakimbilia jiko la mafuta.

Baba karudi na picha.

Mama alishika kiuno. Jamani, picha!

Ilikuwa ya zamani, rangi imegeuka kama chai ya rangi, fremu ya mbao nyeusi na kioo. Ndani kuna kijimtu kifupi, viatu mpaka magotini, kofia kichwani, mjeledi mkononi, kasimama pembeni ya farasi mkubwa. Mzungu alimweleza baba kuwa huyo ni joki, bingwa wa mbio za farasi, kwao hakuna asiyemjua.

Kwetu farasi hakai, mbung'o wanammaliza. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumwona hata mmoja. Lakini baba hakuichukua kwa ajili ya farasi.

Alinibeba akanisogeza kwenye kioo. Nyuma ya joki walisimama wazungu warefu, kofia wamezishika vifuani.

"Waone, mwanangu. Warefu wote wamevua kofia. Mfupi kaivaa."

Wakuu, maneno hayo nimekua nayo.

Baba mkubwa Saidi, kaka yake baba, hakuipenda kabisa. "Picha ya kiumbe ukutani, malaika wa rehema hawaingii!" Mama akapata dawa: wakati wa sala anaifunika kanga, watu wakitoa salamu anaifunua. Tukaishi hivyo.

Jina la Joki likamganda baba. Lilianza kwa kejeli, lakini alivyokuwa analiitikia kwa kifua mbele, kejeli ikachoka yenyewe. Ikawa "mzigo wangu mpe Joki, utafika."

Na mimi akanifundisha baiskeli, mtoto wa kike, wakati huo mashangazi wanasema ni aibu. Mama alinuna. Kila tukitoka anageukia ndani, nami nikadhani hataki hata kutazama.

Baba alifariki kwa homa, ghafla, mimi nikiwa msichana mkubwa tu.

Siku ya kuondoa matanga, khitma imesomwa, watani wakaanza kazi yao. (Watani wa kabila gani sisemi, mtaanza kugombana kwenye comments.) Kwa wasiojua mila zetu: mtani msibani anaiga marehemu, anabeba kitu cha nyumba, na humzuii. Unamkomboa kwa sharti lake au kinakwenda.

Akatoka Bi Tatu, mtani wa baba, mwanamke mrefu kama mnazi, kavaa kanzu ya marehemu. Imemwishia magotini! Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatoka.

Kwapani kashika picha.

"Kifupi hiki nakwenda nacho kwangu. Nani anakitaka?"

Kaka zangu wakampa jogoo, akamsukumia mbali. Baba mkubwa akasema, "Mwacheni achukue, nyumba ipumue."

Bi Tatu akacheka. "Mie sitaki kuku. Namtaka joki. Mwenye nyumba hii alikuwa joki, na mmemzika. Kama hakuacha mwingine, picha yenu ya nini?"

Akaanza kuondoka.

Sijui nani aliniinua mkekani. Nilikwenda ukutani, baiskeli ya baba imeegemea pale tangu alipougua. Nikafunga kanga kiunoni vizuri, nikapanda.

Mbele ya mashehe. Mbele ya mashangazi wote.

Nilizunguka ua kwa kasi, mgongo nimeukunja, makalio nimeyainua kwenye tandiko kama alivyokuwa anapanda baba akifika mlimani. Baba mkubwa anaita, "We mtoto, teremka!" Nikazunguka tena.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, dirishani, alikokalia eda mama yangu.

"Inama zaidi! Baba yako alikuwa hakai hivyo!"

Wakuu, huyo ndiye aliyekuwa anageukia ndani. Kumbe miaka yote alikuwa anamtazama.

Nikainama zaidi. Vigelegele vilipigwa, msibani, nakwambieni. Bi Tatu akaja na kanzu yake fupi, akanipa picha kwa mikono miwili. "Chukua, Joki."

Na baba mkubwa Saidi? Alikuwa na kofia yake ya kiua kichwani. Nilipompita na ile picha, aliivua.

Nilichojifunza: kabla hujacheka alichotundika mtu ukutani, muulize anaona nini pale. Na wafupi wenzangu, tembeeni katikati ya barabara.

Picha iko sebuleni kwangu, na wakati wa sala naifunika kwa kanga ile ile ya mama. Sokoni wananiita Joki mpaka leo, naitikia kwa kifua mbele.

Haya, na kwenu kuna nini ukutani ambacho wageni hawakielewi? Leteni, nasoma zote.