Binti Yangu Hakuwa Ndama

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata ile niliyovishwa cheo cha luteni.

Nilikuwa daktari wa mifugo jeshini, kijana, najiona. Kazi yangu ilikuwa mbwa wa ulinzi na ng'ombe wa maziwa wa kambi. Mke wangu Zuhura alikuwa kwao Bagamoyo, amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na arobaini haijaisha. Nikapewa ruhusa ya siku tatu. Nikaja na magwanda yaliyopigwa pasi, khanga doti mbili, na mkoba wangu wa kazi. Mkoba ule ndio ulioniponza.

Nilimkuta mtoto, Salma, analia. Baba mwingine angempokea. Mimi nikafungua mkoba. Nikampima joto (kipimajoto kilikuwa kipya, usinitazame hivyo), nikamsikiliza kifua, nikamfunua ufizi, nikamgusa pua. Pua ilikuwa kavu. Mbwa akiwa na pua kavu mimi huingiwa na wasiwasi, basi nikatikisa kichwa, na shangazi zake Zuhura waliokaa mkekani wakatikisa vyao. Kisha nikamfunga mtoto kwenye khanga na kumning'iniza kwenye mizani ya ndoana, ile niliyopimia watoto wa mbwa. Kila kitu nikakiandika daftarini.

Alasiri nikaenda kuswali. Niliporudi nilimkuta Zuhura analia kuliko mtoto, daftari limefunuliwa mapajani. Nilikuwa nimeandika: "Jike. Siku kumi na tisa. Macho maangavu. Hamu ya kula nzuri."

"Jike," akasema Zuhura, basi.

Kumbe tangu mchana alikuwa akingoja nimchukue mtoto, nami sikumgusa ila kwa kumpima. Akaamini nilitaka wa kiume na huyu nimemkataa. Alikwishamwambia na mama yake.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa mtu wa haya. Tangu nioe hakuwahi kunisemesha ana kwa ana. Akitaka kujua kama nitakunywa chai alimtuma Zuhura aniulize, hata tukiwa chumba kimoja. Siku ile alikuja mwenyewe, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, akasimama akitazama viatu vyangu.

"Baba Salma," akasema, "mtoto umempima vya kutosha. Umempakata mara ngapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kweli, kwamba naogopa. Nimewahi kuingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani kumvuta ndama, nimeng'atwa na mbwa wa jeshi nikanyamaza, lakini ile shingo laini ya mtoto ilinitetemesha. Bi Mwanahawa hakucheka. Aliniamuru nikae, akamweka Salma mikononi mwangu. Waliocheka ni shangazi.

Salma alizidi kulia, akanikojolea magwanda, kisha akalala. Nami nikaganda pale, sithubutu hata kujikuna, mpaka adhana ya magharibi. Miguu ilikufa ganzi. Zuhura alinilisha muhogo kwa mkono wake, huku anafuta machozi na kucheka.

Sasa nimestaafu, nipo hapa Kerege na kuku wangu na wajukuu. Nawe umepata mtoto. Jana nilikuona: mwanao analia, wewe umeinamia simu unatafuta sababu za watoto kulia, mkeo amesimama pembeni anakutazama tu. Nikamwona Zuhura wangu.

Basi nisikilize. Ujuzi wako upeleke kazini, wakulipe. Ukirudi nyumbani, mpakate mtoto kwanza, mengine yatafuata. Na ukiogopa, mwambie mkeo unaogopa. Usipomwambia atajitafutia maana yake mwenyewe, na atakayoipata itakuwa mbaya kuliko woga wako.

Mola akukuzie mtoto, akulindie mama yake, akuzeeshe katika nyumba ambayo ukibisha hodi wanao wanakukimbilia, hawakupigii saluti. Amina.