Salamu kwa Bosi wa Mtandao

Shangazi yangu anauza magauni ya gomesi na kanzu sokoni Nateete, na wateja wake huziona kwanza kwenye mtandao mmoja wa picha. Siku bosi wa mtandao huo, aliye huko ng'ambo, alipotangaza kwamba sasa video ndizo zitaonyeshwa na picha zitafichwa, shangazi alifoka: "Gomesi zangu nazo zicheze dansi?"

Dunia nzima ilikuwa imeshamvamia yule bwana kwenye ukurasa wake. Nami, kwa simu ya shangazi, nikamwandikia tusi moja zuri, lenye ukoo wake wote ndani. Kabla sijalituma, shangazi akachungulia, akaniamuru nilifute.

"Umemsalimia?"

Akaanza kunitajia cha kuandika. Hujambo baba, habari za nyumbani, mama yako mzima, watoto wameamkaje, pole na kazi. Malalamiko yalisubiri mpaka mwisho kabisa. Nikachapa huku nimenuna, nikautuma ujumbe.

Kulipokucha, chini ya ujumbe wa shangazi hapakuwa na matusi. Watu walikuwa wanaitikia. Wa Goma alisema mama yake mzima, wa Mombasa akasema watoto wameamka salama, na mmoja wa Kansanga akauliza bei ya kanzu. Shangazi alishinda akiwajibu, wateja wamesimama wanamngoja.

Jioni akaniuliza, "Na bosi mwenyewe?"

"Kimya."

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio.

"Salamu ya mtu mzima hajaitikia?" Akanisukumia simu. "Lile tusi lako, bado unalikumbuka?"