Ulezi Usiokaangwa

Siku niliyomaliza mionzi kule Dar es Salaam nilikuwa na daftari lenye maswali thelathini na mawili ya kumwuliza daktari. Nilikuwa nimeyapanga kwa umuhimu, kisha nikayapanga upya ili yenye majibu mafupi yatangulie na daktari asichoke mapema. Alijibu matatu. La nne lilihusu mkono, nalo sikulisoma, nilimwonyesha. Mkono wa kulia, upande ambao titi lilikatwa, ulipanda mpaka usawa wa bega na hapo ukagoma.

"Utapanda," alisema. "Simama karibu na ukuta, vidole vitambae kwenda juu taratibu kama buibui. Kila siku. Ukiumia sana pumzika, ukiumia kidogo endelea. Matibabu umemaliza, mwalimu. Nenda nyumbani."

Mwalimu nilikuwa bado. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kukuta serikali imeacha mtindo wa kumpangia kila mhitimu kazi. Waliotutangulia walipokea barua za vituo vyao kabla hawajarudisha majoho; sisi tuliambiwa tutafute wenyewe. Katika kutafuta nilipata barua moja tu, nayo ilinikuta wodini. Shule mpya ya wasichana iliyofunguliwa na masista, nje kidogo ya mji wa Songea, ilinitaka nifike wiki ya pili ya Januari kufundisha somo moja la majaribio mbele ya mkuu wa shule. Nikifaa, ningeanza palepale.

Ndani ya basi niliisoma barua ile kutoka Makambako mpaka Songea. Kila nilipoisoma niliona ubao mweusi umetundikwa juu ukutani, na mimi chini yake, mkono umeishia begani.

Nilifika Lizaboni, mtaa wetu pale Songea, mwezi Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kugonga mabati. Mama yangu ni mjane, na nyumba yetu ina vyumba viwili vya uani ambavyo hupangisha. Kimoja alikaa mama mmoja wa makamo, Muislamu, mwenyeji wa Namasakata kule Tunduru, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba sokoni. Mbali na mama yangu, hakuna mtu mtaani aliyejua nilichokatwa. Tulikuwa tumekubaliana kusema naumwa tumbo, na wazo lilikuwa langu. Nililifikiria kwa siku nyingi nikaliona halina tundu: wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wanafahamiana na masista, habari ingefika shuleni kabla yangu, na hakuna mkuu wa shule ambaye angemwajiri mtu mwenye saratani akiweza kumpata mwenye tumbo tu.

Ikabaki kazi ya kuonekana mzima. Nilianza na pamba, lakini pamba ni nyepesi. Nikitembea hatua mia, titi la pamba lilikuwa limepanda mpaka karibu na shingo. Nikajaribu mchanga, ukawa na ubaridi na ukavuja. Mwishowe nikachota ulezi kwenye debe la mama bila kumwambia. Niliupima kwa kiganja, upande mmoja titi la kushoto, upande wa pili kifuko, mpaka vikalingana. Ulezi una uzito wa haki. Unafuata mwili na unapata joto la mwili. Nilishona kifuko cha kitambaa cheupe cha pamba, mishono miwili miwili, nikanunua sidiria yenye mikanda mipana kwa yule mama mpangaji. Alinitazama nikiichagua, akaongeza nyingine juu yake.

"Hii nakupa," alisema.

Sikumwuliza kwa nini. Nilikwenda chumbani nikawaza kwa muda mrefu sababu zinazoweza kumfanya mfanyabiashara atoe sidiria bure, na hakuna hata moja iliyokuwa sahihi.

Wiki mbili zilipita vizuri. Siku moja nikarudi kutoka sokoni mvua ikinipiga njia nzima, nikafika titi limelowa chepechepe. Lingeanikwa wapi? Kamba ya nguo iko uani, na uani wanapita watu. Nikaona nilifiche kwanza, Jumapili watu wakiwa misani nilianike juani kwa amani. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo, nikalisukuma chini ya kitanda. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala wanawake walibaki kupanga sherehe ya jumuiya ya wiki iliyofuata, ambayo haifanyiki bila togwa. Hakuna togwa bila kimea, na kimea ni ulezi uliolowekwa ukafungwa mpaka uote, kisha ukaanikwa na kusagwa. Mimi nilitumwa dukani kununua sukari. Niliporudi nilikuta wanawake wanane wameinamia ungo uani kama wanaotazama mtoto mchanga. Mama alikuwa ameshika kifuko cheupe kilichofumuliwa, uso wake unang'aa.

"Haya, semeni tena kwamba wasomi hawajui kazi!" aliwaambia. "Nimefagia chumbani kwake, nakuta mwenzenu kaloweka kimea kimya kimya. Hata sikumwomba!"

"Kimeota vizuri," mmoja alisema huku akichambua kwa kidole. "Ona meno yake, marefu yote sawasawa."

"Lakini kukishonea! Sisi tunafunga kwenye gunia, yeye kakishonea mto."

"Ndiyo chuo kikuu hicho, mama. Ukifunga na gunia unapewa sifuri."

Walicheka. Mwenyekiti wa jumuiya, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya mtu wa kwaya, akasema kikikauka atakisaga yeye mwenyewe, maana mwaka huu mkuu wa shule ya masista ameahidi kuja, na sista yule kwa togwa hana mchezo.

Nilisimama na sukari mkononi. Ningeweza kunyamaza. Niliwaza kunyamaza kwa urefu wote wa sekunde tatu au nne, na katika sekunde hizo nikamwona mkuu wa shule ameketi uani petu, kikombe mdomoni, anakunywa titi langu na kuomba aongezewe. Kisha Januari nisimame mbele yake na chaki. Kwa mara ya kwanza tangu niumwe, nilikutana na jambo lisilowezekana kufikiriwa zaidi ya hapo.

"Mama, hicho si kimea."

"Ni nini sasa?"

"Ni titi langu."

Mama alitazama kifuko mkononi, akanitazama kifuani, akakumbatia kile kitambaa bila kujua anafanya nini. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Ndipo sauti ikatoka upande wa bombani, alikokuwa yule mama wa Namasakata akifua nguo zake.

"Kwani hukukaanga?"

"Kukaanga nini, mama?"

"Ulezi, mwanangu. Ulezi mbichi ukipata maji unaota, haujali uko shambani au uko kifuani kwa mtu." Alijifuta mikono kwenye kanga, akaja katikati yetu. "Mimi wa kwangu naukaanga mpaka unukie. Ukilowa, unakauka. Hauoti ng'o."

Akajigonga upande wa kushoto wa kifua kwa vidole viwili, na sote tukasikia: chaka, chaka, punje zikisogea.

"Mwaka wa nane huu," alisema. "Alhamdulillahi."

Mama yangu alimgeukia. "Mwaka wa nane! Umekaa kwangu miaka mitano!"

"Hukuniuliza, jirani. Ningekuja kukugongea mlango nikwambie nini? Hodi, nimekuja bila titi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaketi chini palepale. Wengine wakafuata, isipokuwa mwenyekiti, aliyekuwa ameshika kiuno kwa uchungu wa kweli.

"Na sisi miezi yote hii tunasali rozari kwa ajili ya tumbo!"

"Usihofu, mwenyekiti," mmoja alimjibu. "Mungu siyo posta. Hata ukikosea anuani anafikisha."

Kuku walimwagiwa ule ulezi, wakaumaliza kabla jua halijahama. Sijawahi kuona kitu nilichokificha kwa bidii namna ile kikiisha haraka namna ile.

Jioni ileile, tukiwa jikoni, yule mama alinifundisha kukaanga. Moto mdogo, mwiko usitulie, unaacha unapoanza kudunda. Huku tukikoroga alinieleza kwamba yeye alirudi Namasakata kutoka hospitali msimu wa korosho, watu wote wako mashambani, na hakuwa na mtu wa kumwuliza hata kama maumivu fulani ni ya kawaida. Kila jambo alilijua kwa kulikosea kwanza. Kifuko chake cha kwanza nacho kilikuwa kimeota.

"Sasa niulize wewe," alisema. "Nina majibu yamekaa miaka minane, sina wa kumpa."

Nilikwenda kuchukua daftari. Alicheka alipoliona, lakini alijibu yote ishirini na nane yaliyobaki. Mengine alijibu "Sijui, kamwulize daktari," na nilishangaa jinsi jibu hilo lilivyoniridhisha likitoka kwake. Kovu kuwasha mvua ikikaribia, kawaida. Kuamka na kujipapasa upande uliobaki, kawaida, ila mara moja kwa mwezi inatosha, siyo kila asubuhi. Kuogopa tarehe ya kurudi kupimwa: "Mimi naogopa mpaka leo, na ninakwenda."

Kuhusu mkono alinihoji ninafanyaje. Nilimwonyesha ukuta wa chumbani, nilipokuwa nikipanda kwa vidole na kuweka alama ya mkaa kila siku. Alama zilikuwa zimesongamana mahali pamoja kama sisimizi.

"Ukuta hauna maongezi," alisema. "Njoo sokoni."

Genge lake lilikuwa na safu nne za misumari ya kutundikia magauni. Alinipa safu ya chini. Gauni moja moja, kwa mkono wa kulia, na kila mteja akitaka kuona gauni nalitungua na kulirudisha. Mwenzangu huyu hakuwa na huruma hata kidogo. Mteja akiondoka alisema, "Hebu libadilishe msumari, hapo halionekani," na kumbe lilionekana vizuri. Mkono ukivimba alinikalisha, akauinua juu ya robota la nguo na kunikataza kugusa kitu mpaka kesho yake. Baada ya wiki moja nilikuwa safu ya pili. Krismasi ilinikuta safu ya tatu, naumia kidogo na kuendelea.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Wanawake wa jumuiya waligawana zamu bila kuniambia. Asubuhi nilikuta ndoo zimejaa, na palizi ya mahindi ya mama ilifanyika siku moja, majembe manane yakienda pamoja. Mmoja alinivuta pembeni akauweka mkono wangu kwenye titi lake na kuniuliza kama ndivyo lilivyoanza langu. Sikujua. Nilimsindikiza hospitali ya mkoa siku iliyofuata, nikakaa naye kwenye benchi, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza nimekaa kwenye benchi lile bila kujiwazia mwenyewe. Uvimbe wake haukuwa kitu kibaya. Alininunulia soda.

Wiki ya pili ya Januari nilikwenda shuleni na titi la ulezi uliokaangwa na mkono wa safu ya tatu. Darasa lilikuwa na wasichana arobaini. Mkuu wa shule aliketi nyuma, mikono kwenye mapaja. Nilisema "Kaeni," nikageukia ubao. Ulikuwa umetundikwa kama nilivyouona ndani ya basi. Ningeweza kuufikia hadi katikati.

Niliandika kuanzia katikati. Niliandika vizuri, kwa herufi kubwa, nikaeleza, nikauliza, wakajibu. Kengele ilipokaribia, ubao ulikuwa umejaa chini mpaka ukingoni na juu haukuwa na hata nukta. Sista akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mbona huku juu hukuandika?"

Jibu bora kati ya matatu niliyokuwa nimeyaandaa lilihusu wasichana wa mbele na shingo zao kuchoka kutazama juu. Sikulitumia.

"Sista, nilikatwa titi kwa saratani mwaka uliopita. Nimemaliza matibabu. Mkono unafika hapo kwa sasa, na unaendelea kupanda."

Sista alitazama ubao kwa jicho la mtu anayepima.

"Hilo la titi nililisikia kwenye togwa ya jumuiya yenu," alisema. "Nilitaka kujua kama somo litatosha nusu ubao. Limetosha." Akainuka. "Jumatatu njoo saa moja na nusu. Fundi ataushusha."

Fundi aliushusha shubiri moja na nusu, akaacha matundu ya misumari ya zamani juu yake. Mkono wangu ulifika kwenye matundu hayo kabla ya mahindi kukomaa. Nilitia kidole katika kila moja, darasa likiwa tupu, kisha nikaenda sokoni kumwambia mwenzangu. Ubao haukurudishwa juu. Walimu warefu walilalamika kwa miaka kwamba unawavunja mgongo, na kila walipouliza ni nani aliyeushusha, wasichana waliwaelekeza kwangu.